Wauza spea za Datsun L6, acheni kuficha namba ya hedi!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Hawa wauza spea za Datsun za zamani, zile za injini ya L yenye silinda sita (L6), wamenichosha. Ukitaja 240Z tu bei inapaa, eti ndiyo gari aliyoshindia Edgar Herrmann Safari Rally 1971, na Shekhar Mehta 1973. Sawa, tupigeni bei. Basi angalau tupeni tulichoagiza!

Niliagiza silinda hedi (kile kipande cha juu ya bloku chenye valvu) yenye namba N42, kwa ajili ya bloku yangu ya L28, ya lita 2.8. Picha niliyotumiwa inasomeka "N4", tarakimu ya mwisho imezibwa na grisi. Nikauliza. "Ni N42 hiyo bosi, wewe tuma hela." Mzigo umefika, nikapitisha kitambaa chenye petroli: N47! Matundu ya ekzosi ni ya duara, ndani yana bushi za chuma zilizowekwa kiwandani ili moshi utoke na joto lake, mambo ya sheria za hewa chafu za Marekani. Manifoldi yangu (bomba la kukusanya moshi) ni ya matundu ya mraba. Nampigia, ananijibu, "Zote ni L, zinaingiliana."

Boliti zinaingiliana, ndiyo, na hapo ndipo wanapotupigia. Hata hedi ya E31 ya 240Z za mwanzo inakaa juu ya L28 bila shida, ila chemba yake, pale mafuta yanapoungulia, ni ndogo, kompresheni inapanda, injini inaanza kugonga ukiweka petroli ya kawaida. Valvu zake za kuingiza ni milimita 42, za N42 ni 44. Zote ni L, siyo?

Halafu kuna wajanja wa "N42 kamili". Jamani, N42 imo kwenye hedi na imo kwenye bloku pia, ni namba ya kalibu tu, inayotoka kiwandani kwenye umbo la chuma! Bloku hiyo inaweza kuwa imevishwa hedi yoyote. Aina ya injini isomeni kwenye namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku, chini kidogo ya hedi: L24, L26 au L28. Mkikuta pamepitishwa grenda, ondokeni. Hedi ya E88 ndiyo kero kabisa, namba moja ila chemba ziko za aina tofauti, kwa hiyo hata ikisomeka vizuri daini picha hedi ikiwa imepinduliwa.

Sasa jamaa anasema hela hairudi kwa sababu "kifaa ni kizima". Kuna aliyewahi kubadilishiwa kwa hali kama hii? Alitumia njia gani? Na mwenye N42 ya kweli aweke picha ya namba ikiwa imesafishwa, na ya matundu ya ekzosi. Ukija inbox na "ni N42 bosi" bila picha, nakublock hapo hapo.