Mjadala: Kunguru wa Biblia ni ndege wa laana?

Mkulima wa Korogwe: Mhubiri mmoja katufundisha kwamba katika Agano la Kale njiwa ni ndege wa Mungu na kunguru ni wa shetani, kwa kuwa Nuhu alimtuma kunguru asirudi, njiwa akarudi na jani la mzeituni. Kanisa zima likaitika amina. Mimi nimegoma. Someni 1 Wafalme 17. Nchi ina ukame, Eliya kajificha kijito cha Kerithi. Nani anamletea mkate na nyama asubuhi na jioni? Kunguru, tena kwa amri ya Mungu. Leteni hoja.

Mama Upendo: Walawi 11 inamtaja kunguru kati ya machukizo. Umeiruka makusudi. Na kutumwa na Mungu si kuwa mwema: hata Nebukadreza aliyechoma Yerusalemu anaitwa mtumishi, Yeremia 25.

Mkulima wa Korogwe: Mama yangu, Walawi 11 inasema nini kiliwe na nini kisiliwe. Tai ndiye wa kwanza kwenye orodha hiyo hiyo ya ndege! Mbona Kutoka 19 Mungu anasema aliwabeba Israeli juu ya mbawa za tai?

Kibwana Tanga: Samahani naingilia. Kwetu Waislamu kunguru ndiye aliyemwonyesha Kabili, mnayemwita Kaini, jinsi ya kumzika nduguye, imo Surat Al-Maida. Chuki hii nadhani ni ya watu wa Dar, wanaomjua kunguru wa jalalani tu.

Mkazi wa Kariakoo: Wa jalalani? Unamsema nani? Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakasambaa mpaka kwetu. Sisi tumeletewa! Bibi yangu alifuga kuku uani. Kunguru alikuwa anashuka ukutani, anamvuta kifaranga kwa bawa, anaanza na macho huku mama yake analia pembeni. Ukishaliona hilo, Mithali 30:17 unaielewa bila mchungaji: jicho linalomdharau baba litang'olewa na kunguru.

Mpwani 001: Huku Mombasa na Watamu ndiyo usiseme. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza, nadhani 2024, kwamba watawaua milioni moja. Wanakula mayai ya ndege wetu wa asili, na kwenye mahoteli wanapora chakula sahanini.

Mama Upendo: Mmeona? Hata serikali imewachoka.

Mkulima wa Korogwe: Jamani, kunguru wa Watamu anaingiaje Kerithi? Wa kule ni mwingine, mkubwa, mweusi. Wimbo Ulio Bora 5 bibie anasifu nywele za mpenzi wake kuwa nyeusi kama kunguru. Nani atamsifu mpenzi wake kwa mfano wa shetani?

Mama Upendo: Mapenzi usinifundishe, mwanangu. Nimelea watoto kwenye ndoa yangu.

Mwalimu wa Iringa: Naomba msome Mwanzo 8 mpaka mwisho. Njiwa alitumwa mara tatu. Mara ya tatu, mstari wa 12, naye hakurudi! Kama kutorudi ni ushetani, basi wote wawili wamo. Na Hosea 7 inamfananisha Efraimu, yaani taifa la Israeli, na njiwa mjinga, leo anaiita Misri, kesho anakimbilia Ashuru. Wakati huohuo Walawi 12 njiwa ni sadaka ya mama aliyejifungua asiyeweza kununua mwana-kondoo. Ndege mmoja, maana tatu. Na makinda ya kunguru yakilia, Zaburi 147 inasema Mungu huyalisha. Inaniuma watu kuhubiriwa kuchukia kiumbe ambacho zaburi inasema Mungu anakilisha.

Kijana wa Kahama: Mwalimu umeandika mengi, ila bundi hujamgusa. Kwetu akilia juu ya bati, kuna msiba. Hilo nalo utalikana?

Mwalimu wa Iringa: Zaburi 102 anayeteseka anajifananisha mwenyewe na bundi wa mahameni. Mtu huyo hapati usingizi usiku, yuko peke yake, anamlilia Mungu. Huyo bundi kamuua nani?

Kijana wa Kahama: Njoo ulale kwetu siku moja akilia.

Mama Upendo: Kijana kasema kweli. Haya mambo yapo.

Mkazi wa Kariakoo: Kibwana, bado nakusubiri. Neno lile la jalalani ulifute.