Wafanyabiashara wanasaini, vijana tunapiga makofi: huu ushirikiano wa teknolojia ni wa nani?

Mtoto wa Ungalimited:
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanikaa kooni. Miaka miwili iliyopita jumuiya mbili za wafanyabiashara, moja ya huku kwetu na moja ya Kenya, zilikutana hotelini hapa Arusha zikasaini makubaliano ya "kukuza teknolojia na vipaji vya ukanda". Sizitaji, zenyewe zinajijua. Nilikuwepo, maana tuliitwa vijana ishirini tunaoandika programu tukapangwa nyuma kama kwaya. Ahadi ilikuwa miezi sita ya mafunzo kazini Nairobi, na wenzetu wa Nairobi waje kwetu. Tukapigwa picha, tukapewa fulana na nauli ya elfu ishirini. Basi. Nikipiga simu naambiwa "suala la vibali linafanyiwa kazi".

Swali langu: Baraza la Biashara la Afrika Mashariki lipo tangu 1997, Itifaki ya Soko la Pamoja la nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010. Haya makubaliano ya matajiri kwa matajiri yamemwinua kijana gani? Hoja tafadhali, matusi pelekeni kwingine.

Fundi Redio:
Fulana ilikuwa saizi gani mkuu? Mimi yangu ya kongamano anavaa mwanangu wa darasa la tatu, tena inambana.

Bi Mkubwa Mezani:
Mwanangu, nimekaa sekretarieti ya chama kimoja cha wafanyabiashara miaka mingi, kwa hiyo nitasema ninachokijua na mtanisamehe.

Chama hakitoi kibali. Kibali cha kazi anatoa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi wanatoa Uhamiaji, na sheria ya ajira za wageni ni ya 2015. Ile Itifaki ina jedwali ambalo kila nchi ilijaza kazi itakazozifungulia majirani. Jedwali letu lilikuwa fupi. Kenya, Uganda na Rwanda wakaenda mbele wakafutiana ada za vibali. Sisi hatukuingia huko. Chama kitapiga hodi, kitaandika barua, kitakaa na waziri. Zaidi ya hapo hakina rungu.

Na kuna lingine hatulisemi hadharani. Ukishasaini unarudi kwa wanachama: nani atapokea kijana? Kila mwenye kampuni anauliza swali moja: "Nikimfundisha miezi sita akahamia kwa mshindani wangu, nani ananirudishia?" Ukumbi wote kimya. Kibali ni kisingizio kizuri kwa sababu kinamlaumu mtu ambaye hayupo kikaoni.

Jirani wa Umoja:
Niwasalimu wadau kutoka Nairobi. Si mseme ukweli tu. Huku hatuna shida ya kupokea mtu. iHub, kituo chetu cha teknolojia, ilifunguliwa 2010 nyinyi mkiwa bado mnaandika muhtasari wa kikao. M-Pesa ni yetu, 2007. Shida ni mkifika mnataka kila kitu polepole, halafu Kiingereza nacho ni vita. Na tukileta vijana wetu huko mnawafungia mlango. Julai 2025 si mlipiga marufuku Wakenya hata kutengeneza simu? Ndiyo maana mnaitwa Bongolala.

Mkurya Asiyechacha:
Haya, limetoka. Nilikuwa napita tu hapa, sasa nimekaa.

Bongolala? Wewe unayetuma pesa kwa "M-Pesa yetu", unajua chapa hiyo ilikuwa ya Vodafone wa Uingereza mpaka 2020, ndipo Safaricom na Vodacom wakainunua? Huku 2014 tayari mtu wa mtandao wa Tigo anamtumia pesa wa Airtel moja kwa moja. Nyie mpaka 2018 mnatembea na laini tatu mfukoni kama kondakta. Na hiyo iHub unayoringia, mbona 2019 mliwaachia Wanaijeria wakaichukua? Kaa chini unywe maji.

Kiingereza! Kompyuta haina lafudhi, ndugu yangu. Ukisahau mabano inakukatalia hata kama ulisoma shule ya Alliance.

Jirani wa Umoja:
Kuuza kampuni ni biashara, boss. Nyinyi mngekuwa nayo mngeunda tume.

Mkurya Asiyechacha:
Nyang'au hawaachi asili.

Shangazi wa Chang'ombe:
Jamani, hilo neno la kuwatukana Wakenya lirudisheni kabatini. Mnalichezea kwa sababu hamkuwepo. Mimi nilikuwa msichana wakati mpaka wetu na Kenya ulipofungwa, Februari 1977. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Baba yangu alikuwa fundi wa Reli ya Afrika Mashariki, ufundi wake alisomea Nairobi, chuo cha reli, darasa moja na Waganda na Wakenya. Marubani walikuwa wanapelekwa Soroti, Uganda. Hakuna aliyeuliza kibali, maana shirika lilikuwa moja. Jumuiya ilipovunjika baba alirudi na sanduku la spana na barua. Mafao yake tuliyadai mpaka akafa.

Kwa hiyo mwanangu wa Ungalimited, unalolitafuta lilikuwepo. Halikuanzishwa na wafanyabiashara.

Fundi Redio:
Shikamoo Shangazi. Hizo spana bado zipo?

Shangazi wa Chang'ombe:
Marahaba. Mbili zipo. Nyingine kaka yangu aliuza.

Mswahili wa Hamburg:
Nimesoma yote. Hapa nilipo, Hamburg, Ujerumani, ni mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010, na kazi yangu ni karakana ya umeme wa majengo, nina wanagenzi wawili, yaani vijana wanaojifunza ufundi, chini yangu. Ngoja niseme wanavyofanya, mwone tofauti iko wapi.

Huku kampuni haichagui kujiunga na chemba, yaani chama cha wafanyabiashara. Sheria ya 1956 inailazimisha, na mafundi wana chemba yao ambayo nayo ni lazima. Kwa hiyo chemba ina pesa ambazo hazitegemei mfadhili. Pili, chemba ndiyo inayosajili mkataba wa mwanagenzi, ndiyo inayounda kamati ya mtihani, ndiyo inayotoa cheti. Kijana anakuwa siku tatu au nne kazini, zilizobaki chuoni, miaka mitatu hivi, na analipwa kila mwezi. Lile swali la Bi Mkubwa, "akihama je?", huku halina makali, kwa sababu jirani yako naye anafundisha. Leo umempoteza wako, kesho unapata wa mwenzako.

Chemba ya biashara ya kwetu, iliyoanzishwa 1988, ni ya hiari. Ukitaka unaingia, usipotaka unaendelea kuuza nondo zako. Chama cha hiari cha Dar kinasaini na chama cha hiari cha Nairobi: wote wawili hawawezi kumwamuru mwanachama hata mmoja apokee kijana. Mnasaini hewa. Anzeni na nani anatoa cheti kinachokubalika pande zote mbili. Bila hilo mtabaki na fulana, na ninyi mliobaki nyumbani mmeshazoea kupigiwa picha.

Mkurya Asiyechacha:
"Mliobaki nyumbani." Mmeona hiyo?

Dada Posta:
Nimeiona. Watu wa ughaibuni bwana. Akikaa Ulaya misimu miwili ya baridi, sisi tunageuka "mliobaki". Nauli ya kwenda ulichangiwa na hao hao.

Mswahili wa Hamburg:
Dada, mbona umeruka aya tatu ukatua kwenye neno moja? Nauli nilijilipia.

Dada Posta:
Nimetua panapouma.

Fundi Redio:
Mimi nimekwama pale aliposema mwanagenzi analipwa. Kwa fundi wangu nilikaa miaka mitano nikilipwa chai na makofi. Makofi ya shavuni.

Bi Mkubwa Mezani:
Mswahili wa Hamburg amesema la msingi na naona linapita kando. La vyeti tumeshalianza kwa wenye taaluma: wahasibu wana makubaliano ya kutambuana tangu 2011, wahandisi tangu 2012. Ila hawa wana bodi zao za kisheria, ndiyo maana yaliwezekana. Mwandika programu hana bodi. Nani atamtambua?

Na mkitaka mfano wa makubaliano ya kibiashara yaliyofanya kazi, mmekwisha kuutaja wenyewe mkitukanana: kampuni za simu kukubali pesa zivuke mitandao. Zile zilikuwa kampuni zenyewe mezani, mteja anazisumbua kila siku, na asiyesaini anabaki peke yake. Hakukuwa na kwaya nyuma.

Jirani wa Umoja:
Bado sijajibiwa ya Julai. Mnataka tuwafundishe na mnatufukuza. Jibuni hiyo.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Najibu. Amri haikutaja Wakenya, imesema asiye raia. Ni biashara 15: wakala wa pesa za simu, ufundi wa simu, saluni, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, na kadhalika. Faini kwa mgeni haipungui milioni 10, na raia anayemsaidia naye ana milioni 5 zake. Chanzo ni malalamiko ya Kariakoo, watu walichoka kuona mgeni aliyekuja kama mwekezaji anauza reja reja. Kuandika programu hakumo kwenye orodha. Kwa hiyo kwa mada hii, amri hiyo haihusiki.

Jirani wa Umoja:
Haihusiki kwako. Binamu yangu alikuwa na kibanda cha simu Arusha miaka tisa. Kodi analipa, mke ni Mmeru, watoto wanaimba wimbo wenu wa taifa shuleni. Hakuwa mwekezaji wa Kariakoo. Sasa yuko Kajiado anachunga mbuzi za babu. Halafu mtu ananiambia nijadili "vipaji vya ukanda". Hicho si kipaji? Fundi wa kubadilisha kioo kwa dakika kumi na tano?

Mkurya Asiyechacha:
Hapo pole, kwa kweli. Ila Bongolala hujaifuta.

Fundi Redio:
Jirani, kibanda kimeshikwa na nani sasa?

Jirani wa Umoja:
Shemeji yake, kaka wa mke. Alikuwa boda. Kila usiku wanapigiana simu ya video, huyu wa Kajiado anamwelekeza waya gani unaenda wapi. Juzi wamefufua simu iliyoanguka kwenye supu.

Mtoto wa Ungalimited:
Wakuu, mnaona hapo? Miezi sita tuliyoahidiwa ndiyo hiyo inaendelea kwa bando la elfu moja, bila hoteli. Tunaweza kurudi kwenye swali?

Mwana wa Goma:
Bonjour bandugu. Miye niko Goma. Congo tuliingia Jumuiya 2022, nyiye munagombana Nairobi na Dar ni nani mkubwa. Huku banki zilifunga mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia, kila kitu ikakuwa kwa telefone. Miye nafanya programu ya maduka, inahesabu stoku, ya Kiswahili na Kifaransa. Kuko chama gani ya wafanyabiashara inaweza kunipokea? Hata kwa mbali, bila kusafiri. Nauliza kweli.

Dada Posta:
Pole sana ndugu yetu, Mungu awalinde.

Mkurya Asiyechacha:
Pole ndugu. Ona sasa, Mkongo anatengeneza programu kwa Kiswahili. Jirani, nyie hata menyu ya hoteli mnaandika kwa Kiingereza.

Jirani wa Umoja:
Menyu gani? Umewahi kufika Nairobi wewe?

Mkurya Asiyechacha:
Nimefika Namanga, mpakani. Inatosha.

Bi Mkubwa Mezani:
Mwana wa Goma, nitumie ujumbe pembeni. Siahidi kitu, ila kuna wenye maduka ya jumla hapa wanaopeleka mzigo Bukavu na Goma, na hesabu zao ziko kwenye daftari. Tuanze na mmoja.

Mswahili wa Hamburg:
Na mimi kwa taarifa tu, nauli ilikuwa ya kwangu. Niliuza pikipiki.

Dada Posta:
Pikipiki ulinunuliwa na nani?

Mtoto wa Ungalimited:
Wakuu, kuna jipya. Leo asubuhi nimepigiwa. Kongamano jingine mwezi ujao, hoteli ile ile, safari hii wanasaini na chama cha nchi nyingine, mada ni akili mnemba na vijana. Wanataka tena ishirini. Nauli imepanda, elfu thelathini. Kibali wamesema "kiko hatua za mwisho". Niende nisiende?

Shangazi wa Chang'ombe:
Nenda, ila usikae nyuma. Kaa mstari wa mbele, na wakifika kwenye maswali usimame kabla ya mtu wa itifaki hajamaliza.

Bi Mkubwa Mezani:
Waombe wakuonyeshe kiambatisho. Makubaliano yenye nia huwa na kiambatisho chenye majina ya kampuni na idadi ya nafasi. Ukikuta kurasa mbili na nembo nne, kula chakula chao urudi nyumbani.

Fundi Redio:
Nichukulie ya saizi kubwa.

Jirani wa Umoja:
Wakati huyo anafua fulana, nimeuliza kwa rafiki yangu wa kampuni ya simu. Hiyo 2014 yenu Vodacom hakuwemo. Aliingia 2016. Kwa hiyo mlituzidi miaka miwili tu, si minne.

Mkurya Asiyechacha:
Umekubali kwamba tuliwazidi. Naomba asifute hiyo, kuna mtu ameipiga picha?