Mwenye ruhusa ya kumpeleka mke hospitali ndiye asiyejua hata kadi yake imeandikwa nini

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Ninaandika kwa hasira na sitaificha. Katika nyumba zetu nyingi mja mzito hatoki kwenda hospitali mpaka mume atoe ruhusa, na mume huyo huyo hajawahi kukanyaga kliniki, hajaifungua kadi ya mkewe, wala hajui presha yake ilikuwa ngapi mwezi uliopita.

Mdogo wangu ameolewa kaskazini mwa Pemba. Mimba yake ilipofika miezi minane alianza kuumwa na kichwa kisichotulia kwa dawa, uso ukamvimba na macho yakawa yanaona kiwi. Mkunga alikwishamwambia kliniki kwamba akiona mambo hayo asingoje hata kuche. Lakini mume alikuwa dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, simu yake haipatikani, na mama mkwe akashikilia kuwa mke wa mtu hapakiwi garini bila ya mwenyewe kujua. Wakangoja. Alipofikishwa hospitali kifafa cha mimba kilikuwa kimeshamshika. Akapasuliwa, yeye akaokoka, mtoto hakuokoka. Mume aliporudi alilia mbele yetu akisema hakuna aliyemwambia kwamba kuvimba uso ni hatari. Nani angemwambia, na wapi, ikiwa hata siku ambazo bahari ilichafuka na hakwenda kuvua alikuwa barazani anacheza bao, na mkewe yuko njiani peke yake anakwenda kliniki kwa miguu?

Najua jawabu la wanaume wengi: hayo ni mambo ya wanawake. Basi niambieni, kaswende ni ya wanawake? Mke hupimwa kliniki, akikutwa nayo huchomwa sindano akapona, kisha hurudi kwa mume ambaye hakupimwa wala kutibiwa, akaambukizwa upya, na ugonjwa ukamfikia mtoto tumboni. Kwa virusi vya UKIMWI ni hivyo hivyo: mke aliyekutwa mzima mwanzoni mwa mimba anaweza kuambukizwa na mumewe baadaye, na kila mtu akaamini kuwa mtoto yuko salama kwa sababu ya kipimo kimoja cha zamani.

Wala asiniletee mtu dini kama kisingizio. Bibi Aisha, Allah amridhie, alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Kumsindikiza mke kwenda kupimwa presha kunamvunjia mwanamume heshima ipi?

Wenye vituo nao wana lao. Kituo kimoja nilichokwenda, mwanamume aliyejitokeza aliachwa nje juani kwa kuwa chumba ni kimoja, pazia ni moja, na wanawake wengine wamo ndani wanapimwa. Hilo la sitara nalielewa, lakini lingetatuliwa kwa kuwatengea wanaokuja na waume siku yao au saa zao. Baya zaidi ni pale wanapowatanguliza waliokuja na waume, na aliyekuja peke yake, awe mjane, ameachwa, au mume yuko baharini, akasukumwa nyuma ya foleni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 ulipendekeza wanaume washirikishwe kwa sharti kwamba matakwa ya mwanamke yaheshimiwe. Kumwadhibu mke kwa kosa la mume hakumo humo.

Shirika hilo hilo tangu 2016 linataka mja mzito aonwe angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Sidai mume ahudhurie zote, maana najua kuna dago, kuna karafuu na kuna kazi za mjini. Nadai ahudhurie ile ya kwanza, mke akiridhia, ili wapimwe pamoja, na moja ya miezi ya mwisho, ili azisikie dalili za hatari kwa masikio yake. Nauli ya gari iwekwe mapema na apewe mke mkononi. Atafutwe jamaa wa kutoa damu kabla haijahitajika. Na kila mume, kabla hajaingia chomboni, amwambie mama yake, na mkewe akisikia, kwamba ruhusa ya kwenda hospitali ameshaitoa, usiku na mchana, na asitafutwe yeye kwanza.