WAMEKATA MWAROBAINI WA MBELE YA HALMASHAURI WAKAMWAGA PEVINGI. Boston walifanya hivihivi, wakakaa na jangwa miaka 50

Wakuu habari za saizi. Naomba mnisome mpaka mwisho maana nina hasira na hizi hasira nimelala nazo siku mbili.

Juzi mdogo wangu kanitumia picha wasap, mbele ya jengo la halmashauri ya mji wetu wa nyumbani. Mji siutaji, mliozaliwa kule mtaujua wenyewe. Ule mwarobaini haupo. Umekatwa mpaka usawa wa ardhi na kisiki kimeshafunikwa. Yaani pale alipokuwa anakaa mzee wa kahawa na kashata, yule kijana wa picha za pasipoti na shuka lake la bluu, wale akina mama waliotoka vijijini na basi la alfajiri kufuata saini moja wakaambiwa mhusika katoka kidogo, wakasubiri pale chini ya kivuli mpaka saa tisa, pale pote saizi ni pevingi, ukuta kwa ukuta. Katikati kuna kipande cha nyasi kimezungushiwa mnyororo na kibao usikanyage. Benchi hata moja hakuna. Pembeni kuna bango kubwa la mchoro wa kompyuta, watu wanatembea wamebeba mabegi, na kwenye huo mchoro kuna vivuli vya miti. Miti yenyewe iko wapi? Mmeukata mmoja uliokuwepo mkachora kumi ya kwenye karatasi!

Sasa kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi naishi huku Marekani pembeni ya jiji la Boston mwaka wa 11 sasa, na katikati ya Boston kuna kosa hilihili, limejengwa kwa pesa nyingi na watu wenye digrii kubwa, na likawachukua zaidi ya miaka 50 kuanza kulirekebisha. Ngoja niwaelezeni maana naona kule nyumbani kuna watu wanashangilia eti mji umependeza.

Pale ilipo City Hall ya Boston, yaani ofisi kuu ya jiji, zamani palikuwa panaitwa Scollay Square. Palikuwa na majumba ya maonyesho, baa, vijiduka, mabaharia wakishuka melini ndo kijiwe chao. Wakubwa wa jiji wakasema ni uchafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapiga tingatinga mtaa karibu wote, na vichochoro vyake vyote, wakamleta I. M. Pei kuchora mpango wa mji mpya wa serikali. Mwaka 1962 wasanifu Kallmann na McKinnell na wenzao wakashinda shindano la kuchora hiyo ofisi, ikafunguliwa 1968, jengo la zege tupu, na kulizunguka wakamwaga matofali mekundu. Matofali matupu ndugu zangu! Kama ekari 7 hivi, piga hesabu ya viwanja vya mpira kama vinne vimeunganishwa, mti wa kuhesabu, pa kukaa ni kwenye ngazi.

Wanasema waliiga Piazza del Campo ya kule Siena, Italia. Sawa, lakini Siena ule uwanja umezungukwa na nyumba za watu na vibanda vya kula, mtu akifungua dirisha anaona uwanja, akishuka ngazi yuko uwanjani. Boston wakachukua mteremko na matofali wakaacha watu. Ukija upande wa Congress Street unakutana na ukuta wa matofali umesimama kama ngome. Duka hakuna, kibanda hakuna, huna sababu yoyote ya kusimama. Januari upepo unakata mashavu, matofali yanashika barafu, Julai hakuna kivuli unaungua. Watu wakawa wanapita wameinamisha vichwa kuwahi treni basi.

Wakaweka na fontini, ile ya kurusha maji kwa urembo, ya kuchimbiwa chini kama shimo. Ikavuja, ikazimwa miaka ya 1970, ikabaki shimo kavu miaka na miaka, mwisho wakaifunika na zege. Hiyo ni Marekani, nchi yenye mafundi na pesa za matengenezo, sasa nyie hapo nyumbani kwenye lile bango nimeona mmechora fontini mbili, maji mtayatoa wapi wakati bomba la mtaa wa nyuma linatoka mara mbili kwa wiki?

Na msiniambie shida ni baridi ya huko. Ukitoka kwenye ule uwanja ukishuka ngazi ukavuka barabara unakuta Quincy Market, masoko ya zamani yaliyotaka kufa wakayafungua upya mwaka 1976, watu wamejaa, wanakula wamesimama, wapiga muziki wanapiga. Sogea tena dakika chache, Ijumaa na Jumamosi, unakuta Haymarket, wauza matunda na mboga wamepanga meza barabarani wanapiga kelele bei, mimi maembe yangu nanunua pale, na ukifumba macho unasikia stendi ya nyumbani kabisa. Upepo uleule, theluji ileile! Tofauti ni kwamba kule kuna mtu anauza kitu, kuna mtu anasubiri mtu, na hakuna aliyewafukuza ili pawe pasafi.

Kuna shirika la New York linaitwa Project for Public Spaces, kazi yao ni sehemu za wazi za miji, wao waliuweka ule uwanja kwenye orodha yao ya viwanja vibaya kuliko vyote duniani. Mwaka 2006 meya Thomas Menino akafikia kusema City Hall iuzwe wahamie kule bandarini South Boston. Mnaelewa hapo? Meya mwenyewe anataka kukimbia ofisi. Haikuwezekana, wakabaki nayo.

Na kuna kitu mimi kama mtu mweusi siwezi kupita pale nisikikumbuke. Tarehe 5 Aprili 1976 mwanasheria mmoja mweusi, Ted Landsmark, alikuwa anaelekea City Hall kwenye kikao cha kutafutia watu weusi nafasi kwenye kazi za ujenzi, akakutana pale uwanjani na vijana weupe wanaoandamana kupinga watoto kuchanganywa mashuleni. Wakamvamia, wakamvunja pua, mmoja akamwendea na mlingoti wenye bendera ya Marekani. Picha ya Stanley Forman ya siku ile ilipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Landsmark baadaye akaja kuwa rais wa chuo cha usanifu majengo hapohapo Boston, akaingia na kwenye bodi ya mipango ya jiji. Nalileta hili kwa sababu watu wanadhani uwanja wa mbele ya serikali ni urembo. Pale ndo raia anajua kama serikali ni yake au siyo yake. Mtu akija kufuata haki yake akakuta hapana pa kukaa, hapana kivuli, hapana hata mtu wa kumuuliza njia, ameshajibiwa kabla hajaingia mlangoni.

Haya, wakaamka. Kampuni ya Sasaki ikapewa mchoro, uwanja ukafunguliwa tena Novemba 2022, meya akiwa Michelle Wu, binti wa wahamiaji kutoka Taiwan. Makumi ya mamilioni ya dola. Na waliongeza nini baada ya pesa zote hizo? Miti karibu 250. Sehemu nyingi za kukaa. Sehemu ya watoto kucheza. Njia ya mteremko laini, maana kutoka barabara ya juu mpaka ya chini panashuka karibu mita 8 na kabla ya hapo mwenye kiti cha magurudumu alikuwa anazungushwa mbali wakati wengine wanashuka ngazi. Kwa hiyo mti, benchi, pa mtoto, njia ya mlemavu. Vitu ambavyo bibi yangu angewaambia bure mwaka 1962 kama wangemuuliza.

Nimeenda mara nyingi tangu wafungue. Nitasema ukweli, pamebadilika, unaona watoto wanateleza kwenye ile sehemu yao ya kucheza, wazee wamekaa, watu wa ofisini wanakula chakula chao nje. Nilikaa pale Jumamosi moja masaa mawili kitu ambacho miaka ya nyuma hata dakika tano singekaa. Lakini miti bado midogo, kivuli cha maana watakula watoto wa hawa watoto, na eneo kubwa bado limeachwa wazi kwa ajili ya matamasha. Na wale wa Scollay Square hakuna aliyerudi. Kile hakirekebishiki hata ukimleta nani.

Sasa turudi nyumbani. Mwarobaini ule mimi nimesoma chini yake nikisubiri cheti changu cha kuzaliwa, baba yangu alisubiri hapohapo. Mti ule ulikuwa na kazi kuliko nusu ya ofisi za mle ndani. Nauliza wahusika, nani aliulizwa? Kile kikao cha wananchi kilifanyika lini, maana majirani niliowapigia hakuna anayekijua. Mzee wa kahawa kaambiwa atafutiwe "eneo rasmi" kule nyuma ya dampo. Nani atafuata kahawa dampo? Ile pevingi saa saba mchana mmewahi kuikanyaga na kandambili? Na maji ya mvua yaliyokuwa yananywewa na ule udongo mnayapeleka wapi, si kwenye nyumba za bondeni?

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini kasema mimi niko majuu niache kupangia watu wa nyumbani, eti tunapenda miti kwa sababu hatuli vumbi. Mkuu, mama yangu anaishi hapo. Ana miaka 74, magoti yanamsumbua, wiki ijayo anatakiwa afuate barua ya kiwanja na ataisubiria juani amesimama. Vumbi naliongelea na mimi, nimekulia humohumo. Wangeweka pevingi njia za kupita miguu wakauacha mti na wakaongeza mabenchi, ningekuwa wa kwanza kuwapongeza hapa.

Mwingine kauliza nataka nini. Nataka nyasi zitolewe mnyororo, pevingi ifumuliwe angalau mita chache pale kwenye kisiki ili ipandwe miti kabla ya masika, mabenchi ya mbao yarudi hata kama ni yaleyale ya zamani, na mzee wa kahawa na yule kijana wa picha warudishwe mbele. Mchoro ubandikwe ukutani kwa mtendaji kila mtu auone. Diwani kama unasoma humu, na najua unasoma, tuwekee muhtasari wa kikao kilichopitisha.

Na mwenye picha yoyote ya ule mwarobaini ukiwa umesimama, hata iwe ya harusi au ya pasipoti imetokea kwa nyuma, naomba aiweke hapa.