Kikundi cha Familia: Goti la Mama

Zuhura, saa 2:14 usiku: Assalaam aleikum ndugu zangu. Zimebaki wiki sita Mama abadilishwe goti pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Mtaalamu wa fiziotherapia amesisitiza kwamba mazoezi yaanze sasa, si baada ya upasuaji, kwa sababu msuli wa mbele ya paja ukiingia huko dhaifu hutoka dhaifu zaidi. Naomba kila mmoja ataje siku yake ya kumsimamia.

Zuhura, saa 4:40 usiku: Naona mmesoma. Nasubiri majibu.

Hamisi, saa 4:52 usiku: Dada, mtu ambaye goti linamkosesha usingizi tutamwongezeaje mazoezi?

Zuhura: Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, ikishalika hairudi kwa kupumzika, na msuli nao hupungua. Akiwa amelala anakaza paja, anahesabu hadi tano, anaachia; kisha ananyanyua mguu ulionyooka, na baadaye anajizoeza kuinuka kitini. Maumivu yakiendelea hadi kesho yake, tunapunguza. Ule mto anaoweka chini ya goti uondolewe, maana goti lililozoea kukunjika huwa gumu kunyooka hata baada ya upasuaji. Ajifunze na magongo mapema: kupanda ngazi hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu mgonjwa.

Juma: Mama akianza kuinuka upesi, wajukuu wanaoiba maandazi watafute pa kukimbilia 😂

Mwanaidi, saa 1:05 asubuhi: Samahani, nimechelewa kuona. Jumamosi nitakuja, inshallah. Maandazi yatakuwepo?

Hamisi: Baba alipovunjika nyonga, zamu ziliandikwa humuhumu, na mwishowe tulibaki naye mimi na mke wangu. Lile daftari la zamu bado ninalo.

Zuhura: Kaka, tafadhali, tusirudi huko leo.

Mjomba, saa 6:30 mchana: Wanangu, nimesoma yote. Hamisi anasema kweli, asinyamazishwe. Kila Jumanne nitakuwa kwa dada yangu, na mazoezi tutafanya pamoja. Asiye na nafasi anipigie simu mimi mwenyewe, asimwambie Zuhura.

Hamisi, saa 9:10 alasiri: Nimekusikia, Mjomba. Niandikeni Jumatano.

Zuhura: Ahsante, Kaka. Jumatatu na Alhamisi ni zangu. Mikeka ya sebuleni ikunjwe kabla hajaanza magongo, isije ikamkwaza. Ijumaa na Jumapili hazina mtu. Juma, unachukua ipi?

Juma, saa 3:20 usiku: Nitaangalia ratiba ya kazini, kisha nitawajulisha.