Naombeni ushauri: mji wa wastani Kusini mwa Marekani ambao mtu anaweza kuishi bila kushinda ndani ya gari

Mtanga wa Texas

Habari za saa hizi wakuu. Wakubwa wangu, shikamooni.

Niende kwenye mada. Tunaishi pembezoni mwa Dallas: mimi, mke wangu, mtoto mmoja wa shule ya msingi, na sasa mama mzazi ambaye amepata grini kadi na amekuja kukaa nasi. Mke ni nesi. Mimi kazi yangu ni ya kompyuta na naifanyia nyumbani, kwa hiyo riziki haijatufunga kwenye mji mmoja.

Shida ni mama. Ni mtu wa Ngamiani, Tanga. Kazoea kutoka asubuhi kwa miguu yake, apite sokoni, ajuliane hali na watu, ndipo arudi. Hapa tulipo ukitoka tu unakutana na barabara ya njia sita, pembeni hakuna hata pa kukanyaga. Juzi kaniuliza, "Mwanangu, watu wa huku wanaishi wapi?" Nikakosa la kumjibu.

Charleston na Savannah kila mtalii anazijua, na kodi za nyumba zake si za watu kama sisi. Asheville mke anasita tangu mafuriko ya kimbunga Helene, Septemba 2024. Naulizia ile miji ya kati isiyotajwatajwa, yenye wakazi kama elfu sabini hadi laki mbili, katikati yake pawe na uhai, watu wanatembea, na hospitali ya maana ipo. Baridi iwe ya kistaarabu. Nimekutana na majina ya Greenville (South Carolina), Chattanooga na Knoxville (Tennessee), Roanoke (Virginia), Macon na Columbus (Georgia). Picha zote zinavutia, ila picha nimeshachoka nazo. Namtaka aliyeishi huko.

Nawasilisha.

Chuma Chakavu

Kusini ninayoijua mimi ni Lindi na Mtwara. Nimekaa paleee nasubiri wajuvi.

Nesi wa Zamu

Kaka, pole na mama, mpe shikamoo yangu. Niko Chattanooga na mimi ni nesi, kwa hiyo nitaongea na wewe na mkeo kwa pamoja.

Huu mji mwaka 1969 ulitangazwa kwenye taarifa ya habari ya Walter Cronkite, mtangazaji maarufu wa televisheni, kuwa ndio wenye hewa chafu kuliko yote Marekani. Viwanda vya chuma, na milima imeuzunguka, moshi unakosa pa kutokea. Leo huwezi kuamini. Walianzia mtoni: jumba la kuoneshea samaki lilifunguliwa 1992, na mwaka uliofuata daraja la Walnut Street, la tangu 1890, ambalo magari yalikatazwa kupita kwa uchakavu, likafunguliwa upya kwa ajili ya waenda kwa miguu tu. Ni zaidi ya mita mia saba juu ya mto Tennessee. Jioni utakuta wazee, watoto, mbwa, wachumba, wote humo. Mama hatakosa wa kusalimiana naye. Kuna pia basi dogo la umeme la bure linalozunguka katikati ya mji. Na kwa kazi yako, shirika la umeme la mji lilikuwa la kwanza nchini kufikisha intaneti ya gigabiti kwenye eneo lote linalolihudumia, mwaka 2010.

Lakini daraja hilohilo lina historia ambayo mtu mweusi anapaswa kuijua kabla ya kupigia picha. Mwaka 1906 Ed Johnson, mtu mweusi aliyekuwa amehukumiwa kifo, alinyongwa pale na kundi la watu, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuagiza asiguswe mpaka isikilize rufaa yake. Tangu 2021 upande wa kusini wa daraja kuna kumbukumbu yake. Mimi naheshimu mji uliokubali kuiweka pale pale wageni wanapopita, hawakwenda kuificha.

Sasa kipimo changu, na kitumie mji wowote utakaoenda: unga na dawa. Je, mama anaweza kutoka kwa miguu akanunua unga na dawa ya presha? Hizi katikati za miji zilizofufuliwa nyingi zimejengewa wageni. Utakuta migahawa ishirini, maduka ya mishumaa inayonukia, na kilo ya unga hakuna. Hapa kwetu ukikaa North Shore, ng'ambo ya lile daraja, duka la vyakula la Publix lipo. Ukikaa upande wa hoteli na jumba la samaki, utachukua gari kama ulivyokuwa Dallas.

Kwa mkeo: leseni ya unesi ya majimbo mengi, kama anayo ya Texas, inafanya kazi Tennessee, South Carolina, Virginia, Georgia, North Carolina na Kentucky. Ila akihamisha makazi ana siku 60 za kuomba ya jimbo jipya. Hospitali ya Erlanger iko karibu na mjini kati na ndiyo inayopokea majeruhi wa ukanda wote huu, kazi haikosekani.

Mhasibu Mstaafu

Ongezea hesabu. Tennessee haikati kodi ya mshahara, sawa na Texas mlikozoea. Lakini chakula cha dukani kinatozwa kodi ya mauzo, kitu ambacho Texas hamna. South Carolina ni kinyume: chakula jimbo halikigusi, mshahara wanakata, na gari unalilipia kodi ya mali kila mwaka, usipolipa hupewi kibandiko cha namba. Virginia nao wana kodi ya gari. Watu wanaangalia bei ya nyumba tu, kisha bili ya gari inawakuta wamekaa mkao wa kula.

Baba Neema

Greenville hapa. Nesi kasema vizuri, mimi naongeza kwamba mji wenu una ngazi na vilima, mtu wa magoti atalia.

Greenville Main Street yake ni tambarare kiasi na ina kivuli. Hicho kivuli si bahati. Miaka ya 1970 meya wao alikuwa Max Heller, Myahudi aliyekimbia Vienna mwaka 1938 baada ya Wanazi kuingia, akafika hapa kijana akaanzia kufagia kiwanda cha mashati. Ndiye aliyebana barabara kuu kutoka njia nne za magari kuwa mbili na kupanda miti. Wenye maduka walimpigia kelele. Leo miti hiyo ndiyo inayouza mji. Tena katikati kabisa ya mji kulikuwa na maporomoko ya mto Reedy, yamefunikwa na daraja la magari la zege, watu wanapita juu hawana habari. Wakalivunja, na mwaka 2004 wakafungua bustani pamoja na daraja la waenda kwa miguu lililopinda kama upinde. Mgeni akiniuliza kwa nini nakaa hapa nampeleka pale, simalizi hata sentensi.

Publix ipo McBee, hatua chache kutoka Main. Kwa hiyo mtihani wa unga tunafaulu. Tatizo letu ni kodi ya pango. Eneo lote la kutembea kwa miguu limepanda mno, na wengi waliosukumwa nje ni Weusi waliokuwa jirani na katikati tangu zamani za ubaguzi. Bustani ya Unity ilifunguliwa 2022 kwenye mitaa yao, ni nzuri sana, na bei za jirani yake zikazidi kupaa. Huu ndio mji alikozaliwa Jesse Jackson, yule mpigania haki za Weusi, na mwaka 1960 alikamatwa hapa kwa kukaa ndani ya maktaba ya Wazungu. Nasema haya ili usidhani ukitoka Main utakuta kila kitu kimepakwa rangi.

Waswahili tupo wachache. Viwanda vya BMW na Michelin vimeleta watu wa kila taifa, lakini ukitaka harusi ya kueleweka unaendesha mpaka Charlotte au Atlanta.

MwanaKivu

Bandugu, jambo. Hamkutaja Bowling Green, Kentucky, na mimi nashangaa. Ni mji wa watu elfu sabini na kitu. Katikati kuna Fountain Square, bustani na chemchemi, majengo ya zamani kuizunguka, na chuo kikuu kiko juu ya kilima karibu. Ni kadogo, sidanganye: unakazunguka nusu saa umemaliza.

Lakini mama yako hatakosa wa kuongea naye. Sisi Wakongomani tuko wengi hapa, tulitoka kambi za wakimbizi, wengine Nyarugusu huko kwenu Kigoma, kwa hiyo Kiswahili cha Tanzania tunakijua. Kabla yetu walikuja Wabosnia, wao wakafungua maduka, ndiyo sababu nyama halali unapata. Kanisani tunaimba Kiswahili. Sombe, kile mnachoita kisamvu, unapata. Mama anaweza kutembea kwenye mji mzuri wa Greenville siku nzima na asipate mtu wa kumwambia "hujambo". Ufikirie hiyo pia, ndugu yangu. Nashville ni saa moja kwa gari.

Baba Neema

MwanaKivu, hapo umenipiga na kitu kizito.

Msafiri wa Treni

Roanoke kidogo. Soko la wakulima liko katikati kabisa ya mji na lipo tangu 1882: mboga, maua, matunda, wauzaji wamekaa nje chini ya mapaa ya turubai. Mtu wa Ngamiani atajisikia nyumbani, ila asijaribu kushusha bei. Kodi za nyumba bado za kibinadamu. Hospitali kuu iko kando ya mto, na kuna njia ya miguu inayofuata maji. Mlimani kuna nyota kubwa ya taa iliyowekwa 1949 kwa ajili ya biashara ya Krismasi, ikapendwa wakaiacha, sasa ndiyo nembo ya mji.

Kizuri zaidi, treni ya abiria ilirudi 2017 baada ya miaka karibu arobaini. Unapandia mjini kati asubuhi, mchana uko Washington. Pasipoti ya mama ikiisha, ubalozi mnaufikia bila kugusa usukani.

Kibaya: saa mbili usiku siku za kazi, mji umelala.

Dada wa Gay Street

Knoxville nitasema machache. Market Square ni tamu, na basi za mjini kati ni bure. Lakini uwanja wa chuo unachukua watu zaidi ya laki moja. Siku ya mechi usipange kwenda popote, hata hospitalini.

Nesi wa Zamu

Nimesahau: mama mwenye grini kadi hawezi kununua Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, mpaka atimize miaka 5 ya kuishi hapa mfululizo. Bima yake ipangeni kabla hamjahama, kwa sababu mipango inabadilika jimbo kwa jimbo. Na muende kutazama Jumanne ya Februari. Jumamosi ya Mei kila mji ni mzuri.

Chuma Chakavu

Macon na Columbus mmezitupa? Columbus walibomoa mabwawa mto Chattahoochee, sasa watu wanashuka na maboti ya mpira katikati ya mji.

Mhasibu Mstaafu

Mama wa mtu hatashuka na boti la mpira, mkuu.

Mtanga wa Texas

Nawashukuru sana wote. Nimewasomea nyumbani. Mke amevutwa na Chattanooga kwa sababu ya Erlanger, tena Atlanta ni saa mbili na Ethiopian wanaruka kutoka pale tangu 2023. Mimi Roanoke imenikaa kichwani. Mama kasikiliza yote kisha akauliza, huyo wa Kongo amesema sombe inauzwa au wanalima wenyewe?

MwanaKivu, naomba unijibu hilo. Februari tutaanzia Kentucky, halafu tushuke Chattanooga.

MwanaKivu

Tunalima. Mwambie mama mwezi wa pili hakuna shambani, ila nitamtolea ya kwenye friza.