China kufungia saiti za Wauighur na Wamongolia, kosa lao nini hasa?

Mpenda Habari:
Wakuu habari za jioni. Wajuvi naomba mnieleweshe, katiba ya China ibara ya 4 inasema kila kabila lina uhuru wa kutumia na kukuza lugha yake, sasa mbona Bainu, ile app ya kuchati kwa Kimongolia, waliizima Agosti 2020? Au kuna kitu sijaelewa?

Kigogo75:
Mkuu iangalie vizuri hiyo tarehe. Kipindi hichohicho ikajulikana kwamba Septemba shule za Mongolia ya Ndani (jimbo la China wanakoishi hao Wamongolia) zinaanza kufundisha masomo kadhaa kwa Kichina badala ya Kimongolia, wazazi wakaja juu, wengine wakagoma kupeleka watoto shule, na pa kujadiliana ni humohumo Bainu. Sasa uhangaike kufuta posti mojamoja ya nini wakati unaweza kuzima yote.

Dada Mwanahawa:
Bainu cha mtoto 😅 Baada ya vurugu za kikabila za Julai 2009 pale Urumqi, mji mkuu wa Xinjiang, jimbo la Wauighur (kabila la Waislamu), Xinjiang nzima ilikatiwa intaneti karibu miezi 10, watu wanasafiri mpaka Liuyuan huko jimbo jirani la Gansu wakafungue imeili tu!! Saiti za Kiuighur kama Diyarim, Salkin na Shabnam zikapotea, na Julai 2010 waendeshaji wakafungwa, wa Diyarim miaka 5, wa Salkin 3, wa Shabnam 10. Eti kuhatarisha usalama wa taifa.

Mzalendo Halisi:
Tusiwe wepesi kulaumu jamani. Kwenye hizo vurugu serikali yao yenyewe ilitangaza watu 197 wamekufa, mlitaka wakae kimya watu wachochewe mtandaoni?

Dada Mwanahawa:
@Mzalendo haya nieleze ya Ilham Tohti, profesa kabisa pale Beijing. Saiti yake ilikuwa kwa Kichina, makusudi Wahan (kabila kubwa la China) na Wauighur wasomane waelewane, nayo ikafungiwa na mwenyewe Septemba 2014 akapigwa kifungo cha maisha. Uchochezi uko wapi hapo?

Mzalendo Halisi:
Hiyo ya profesa sina la kujibu, ila ya 2009 nabaki palepale.

Mpenda Habari:
Duh. Na zile posti za watu za miaka yote zilienda wapi?

Kigogo75:
Saiti ya ndani ya China lazima isajiliwe serikalini na seva ziko hukohuko, wakizima wanaondoka na kila kitu. Labda kama kuna mtu nje alikuwa anakopi mapema.